Pembeni kwa Edgar Threlfall

Tathmini ya Kila Muongo ya Uhalali Unaoendelea wa Maandishi ya Kumbukumbu Yaliyobandikwa kwenye Viti vya Umma, Kata ya Kanisani na Mfereji. Hilo ndilo lilikuwa jina kamili la shughuli yenyewe. Tangazo lake lilifungwa kwa kamba ya plastiki kwenye mguu wa benchi letu, chini kabisa, mahali ambapo ni mbwa tu angeweza kulisoma bila kuumia mgongo.

Benchi lenyewe liko katikati ya mlima wa Chapel Brow, hapa Ormsclough, pale hasa mtu anapoanza kujuta kwa nini hakuzaliwa bondeni. Mbele yake ni duka la pai la Grimshaw, nyuma yake ukuta wa kanisa, na juu yake mvua, au mvua inayojiandaa. Kila asubuhi hukaa hapo Norris Haworth, tunayemwita Meya kwa kuwa amegombea udiwani mara nyingi na hajashinda hata kwa bahati mbaya. Clem Duxbury, tunayemwita Mazishi kwa kuwa huhudhuria maziko ya watu asiowajua, mradi baada yake pana mkate na nyama. Hilda Entwistle, mwenye flaski ya chai, na kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Na mimi, wanayeniita Maktaba, kwa kuwa nilifanya kazi huko mpaka ilipogeuzwa ukumbi wa mazoezi ya viungo. Ncha ya kushoto ya benchi, chini ya kibao cha shaba, hakai mtu. Hata mkoba wa Hilda hauwekwi hapo. Hapo ni kwa Edgar. Kibao kinasema: KWA KUMKUMBUKA EDGAR THRELFALL. HAPA HUKOSI MTU WA KUONGEA NAYE.

Asubuhi hiyo Meya alikuwa amepiga magoti kwenye lami, akisoma tangazo kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu na papo hapo ndiye hakimu.

Meya: Sikilizeni ujinga huu. "Mashahidi watatu watatamka mbele ya ofisa, kila mmoja sentensi yake, yenye maneno 'bado ni kweli hadi leo', kuthibitisha yaliyoandikwa."

Clem: Na wasipopatikana?

Meya: Kibao kinang'olewa. Na kwa kuwa benchi liliwekwa kwa ajili ya kibao, kibao kikiondoka benchi halina sababu ya kuwepo. Linahesabiwa kizuizi cha njia.

Clem: Wataweka nini badala yake?

Meya: Chuma cha kuegemea.

Hilda: Cha kuegemea nini?

Meya: Cha kuegemea tu, Hilda. Huketi, unaegemeza makalio. Wameshaweka kimoja stesheni. Wanasema kinachangamsha mwili.

Hilda alikuwa anamimina chai. Hakuacha kumimina, ila alikijaza kikombe cha Clem mpaka chai ikaanza kumwagikia kwenye suruali, na Clem, kwa adabu ya kwetu, hakusema kitu mpaka ilipomchoma.

Clem: Oho! Hilda, kipenzi, inatosha.

Hilda: Magoti yangu yana mkataba na mlima huu. Nusu sasa, nusu baada ya chai. Hakuna benchi, hakuna nusu ya pili. Nitafikaje nyumbani na viazi?

Sote tulijua jibu, kwa maana kila Jumapili mwanawe Gordon humpigia simu kutoka Peterborough kumwambia chumba kiko tayari, kimeshawekwa na zulia.

Mimi: Lakini Peterborough nako ni pazuri.

Hilda: Peterborough ni tambarare, Maktaba. Mtu akija kukutembelea unamwona tangu jana yake. Mimi siwezi kuishi hivyo.

Clem: Usihofu, Hilda. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hilda: Nyoka yupi, Clem?

Clem: Yeyote yule.

Hapo inabidi niseme neno juu ya neno lenyewe. Sisi watu wa kisiwa hiki tuna msemo tunaoupachika kwenye kila jambo la kale ambalo halijatuaibisha bado: still holds true. Bado ni kweli hadi leo. Mama zetu walituambia tusivue fulana ya ndani kabla Mei haijaisha, bado ni kweli hadi leo. Anga likiwa jekundu jioni, kesho hakuna mvua, mchungaji wa kondoo alale kwa raha, bado ni kweli hadi leo, ingawa mchungaji wa mwisho wa Ormsclough siku hizi anauza simu. Tunaupenda msemo huu kwa sababu humalizia mabishano bila kumlazimu mtu kwenda kuhakiki. Halmashauri ndiyo ya kwanza, kwa nijuavyo, kudai uhakikiwe.

Meya: Basi tufanye mazoezi kabla huyo ofisa hajafika. Mimi naanza. "Kwamba halmashauri haiwezi kuziba shimo barabarani bila kuchimba lingine, bado ni kweli hadi leo."

Hilda: Ni kweli tupu. Ila haimhusu Edgar.

Meya: Inahusu hali ya jumla.

Clem: "Kwamba nyama ya mazishini ni tamu kuliko ya harusini, kwa kuwa mpishi hana haraka, bado ni kweli hadi leo."

Hilda: "Kwamba nimekaa miaka yote hii na wapumbavu wawili, bado ni kweli hadi leo."

Mimi: Wawili tu?

Hilda: Wewe nakuhesabu ukifungua mdomo.

Meya: Jamani, acheni mzaha. Tuseme kitu kinachomhusu Edgar. Tuseme alikuwa mtu wa namna gani.

Hapo tukatazamana kama watu wanaosubiriana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Clem: Alikuwa mtu mzuri, Edgar.

Meya: Mzuri sana.

Hilda: Mtu wa watu.

Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko yanayofaa.

Ofisa akatokea chini ya mlima. Bi Nasreen Akhtar ni binti wa hukuhuku, baba yake alikuwa na duka la mazulia karibu na mfereji, lakini kazi ya halmashauri ilikuwa imemzoesha lifti. Alifika benchini amevaa fulana ya manjano inayong'aa, kinasa sauti kimemning'inia shingoni, na pumzi zote kaziacha kwa Grimshaw. Akaona nafasi kushoto, akageuka kukaa.

Meya: Samahani, kipenzi. Hapo pana mtu.

Akhtar: Yuko wapi?

Clem: Ni kwa Edgar.

Akhtar: Huyu wa kwenye kibao?

Clem: Huyohuyo.

Bi Akhtar akamtazama Clem, akatazama nafasi, kisha akakiambia kinasa sauti: "Ncha ya kushoto: imekaliwa na marehemu." Akabaki amesimama, mkono kiunoni.

Akhtar: Haya, vipenzi vyangu. Mimi sikuitunga kanuni hii. Aliyeitunga kahamishiwa idara ya bustani. Nipeni sentensi tatu niende zangu kabla ya mvua. Nani anaanza?

Meya akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa ameingoja hadhara hii tangu uchaguzi wake wa kwanza.

Meya: Edgar Threlfall alikuwa bingwa wa kuongea. Akianza, hata kasuku wa Grimshaw alikuwa ananyamaza kumsikiliza. Na hilo, Bi Ofisa, bado ni kweli hadi leo.

Akhtar: Kasuku bado ananyamaza?

Meya: Kasuku alikufa.

Akhtar: Basi bado ananyamaza. Endelea, mzee Duxbury.

Clem: Mimi nasema Edgar alikuwa mkimya. Mkimya kama samaki ndani ya karatasi ya chipsi. Lakini ukikaa naye unajisikia umeongea. Bado ni kweli hadi leo.

Akhtar: Mwenzako kasema alikuwa bingwa wa kuongea.

Clem: Alikuwa bingwa, ndiyo, ila hakuwa anashindana.

Meya: We Mazishi, usituharibie! Edgar alikuwa na domo kama kengele ya zimamoto. Kijitu kifupi vile, miguu haigusi chini akikaa.

Clem: Kifupi? Edgar? Alikuwa mrefu kama mlingoti! Mimi nilikuwepo kwenye maziko yake. Jeneza lilikuwa limeongezwa kipande.

Meya: Unapiga kamba.

Clem: Naapa kwa mkate na nyama. Sikiliza, binti. Walikuwa wanalipandisha jeneza mlima huuhuu, kulikuwa na barafu, wabebaji wakateleza pale juu. Jeneza likashuka lenyewe. Likampita mpiga kinanda, likampita padre, padre akavua kofia. Lilipofika hapa likasimama. Hapa hapa! Ndiyo sababu benchi likawekwa hapa.

Akhtar: Nani alilisimamisha?

Clem: Edgar.

Hilda akafunga macho. Bi Akhtar akakisogeza kinasa sauti karibu na mdomo, akafikiri, akakishusha.

Meya: Hiyo ni hadithi ya watoto. Sababu ya benchi kuwa hapa ninaijua mimi, na nilikuwa nimekusudia kufa nayo. Edgar Threlfall alikuwa mtu wa siri. Chini ya benchi hili kuna mkufu wa dhahabu wa Meya wa mji, ule uliopotea. Edgar aliwekwa hapa kuulinda. Kwa nini mnadhani halmashauri inalitaka sana benchi hili?

Akhtar: Mkufu wa Meya uko ofisini, kwenye kabati la kioo. Naupita kila nikienda kuchukua kahawa.

Meya: Ule ndio wanaotaka uuone.

Clem: Mvumilivu hula mbivu, Norris, lakini wewe umekula na mti.

Hilda: Hebu nyamazeni, mnamchosha mtoto wa watu. Mimi nitasema. Edgar alipenda pai yangu ya rubabu, yale mabua machachu.

Akhtar: Alikwambia?

Hilda: Hakuikataa.

Akhtar: Uliwahi kumpa?

Hilda akafuta kifuniko cha flaski kwa kitambaa, ingawa kilikuwa safi. Mvua nyembamba ikaanza, ile ambayo kwetu haihesabiki kuwa mvua mpaka mtu wa tatu aitaje.

Akhtar: Ngoja niwaulize vizuri. Mzee Haworth, huyu Edgar ulimjua kwa macho?

Meya: Kwa macho ni neno kubwa. Nilimjua kupitia Clem. Clem ndiye aliyekuwa rafiki yake.

Clem: Mimi? Mimi nilimjua kupitia Hilda! Siku ya kwanza nilipokaa hapa, Hilda alisema, "Hapo ni kwa Edgar," kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Ningeuliza nini tena? Nikasema alikuwa mtu mzuri.

Hilda: Nilisema hivyo kwa sababu ya Maktaba. Nilimkuta hapa amekaa peke yake upande wa kulia, kaiacha ile nafasi. Nikajua ni jamaa yake, bado ana uchungu. Ningemkalia mtu uchungu wake?

Wote wakanigeukia.

Mimi: Niliiacha ile nafasi kwa sababu mbao zilikuwa na maji.

Nawaambia, katika nchi nyingine jambo hili lisingefika popote. Mtu angeuliza siku ya kwanza, "Kwani Edgar ni nani?" akajibiwa "Sijui," watu wakakaa. Lakini huku kwetu mtu aliyesema "alikuwa mtu mzuri" hawezi kurudi nyuma, na aliyemsikia hawezi kumuuliza, na wa tatu akiwakuta wawili wanasikitika naye husikitika ili asionekane hana malezi. Kwa njia hiyo tulikuwa tumemlilia Edgar Threlfall kwa miaka, tukamtunzia nafasi, tukawafukuza kwa upole watu waliotaka kungojea basi wameketi: mama mwenye mapacha, kijana mwenye mguu wa plasta, seremala mmoja mwenye ngazi. "Samahani, hapo pana mtu." Na wao, kwa malezi yaleyale, walisimama kwenye mvua wakatuomba radhi.

Akhtar: Kwa hiyo sentensi halali mpaka sasa: hakuna.

Clem: Asiyejua maana haambiwi maana.

Akhtar: Ndiyo, mzee. Hasa hiyo.

Hilda akaweka kikombe chini. Akanyoosha mgongo, kama mtu aliyeitwa jina lake hospitalini.

Hilda: Andika yangu, kipenzi, au inase, au fanya mnachofanya siku hizi. Edgar sikumjua. Mlima huu siwezi kuupanda kwa mkupuo mmoja. Bado ni kweli hadi leo, na kesho itakuwa kweli zaidi.

Akhtar: Hiyo naiamini, Bi Entwistle. Wallahi naiamini kuliko zote. Lakini kibao hakisemi juu ya mlima. Kinasema hapa mtu hakosi wa kuongea naye. Mimi nimefika hapa sina pumzi, nikaambiwa nafasi ni ya marehemu.

Meya akatazama viatu vyake. Clem akatafuta methali. Tuliona midomo ikihangaika, lakini ghala lilikuwa limekauka. Bi Akhtar akatoa mfukoni bisibisi. Sidhani kama alitaka kuitumia. Nadhani kanuni ilisema aje nayo.

Wakati huohuo mlango wa Grimshaw ukalia kengele, akatoka bwana mmoja wa makamo ambaye hakuna aliyemtambua, na katika Ormsclough hilo peke yake ni habari. Alikuwa na koti lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye, na mfuko wa karatasi unaofuka moshi wa pai. Akatazama kituo cha basi, hakina paa. Akatazama chini ya mlima, akatazama juu. Akavuka barabara taratibu, akasimama mbele ya ncha ya kushoto, akaweka mkono kwenye mbao bila kukaa.

— Samahanini, akasema. Hapa pana mtu?

Swali dogo kama hilo huulizwa kila siku, kwenye kila treni na kila ukumbi wa kungojea katika nchi hii, na hata mtoto huweza kulijibu. Meya akafungua mdomo, na nikaona lile "samahani" la mazoea likipanda kooni kwake, likafika kwenye meno, likakwama. Clem akamtazama Hilda. Hilda akakitazama kibao. Bi Akhtar akanitazama mimi, bisibisi mkononi, na mimi nikaitazama mvua. Bwana yule, akidhani labda hakusikika, akauliza tena kwa sauti ya chini zaidi, kama tufanyavyo sisi tukihofia kusumbua.

— Pana mtu?

Taarifa ya halmashauri ilitoka baadaye, nayo ikafungwa kwenye mguu uleule wa benchi. Inasema: "Baada ya mashauriano ya kina na wadau wa kiti, na kwa kuzingatia ushahidi mpya uliojitokeza papo hapo, maandishi yameonekana kuendelea kuwa halali kwa muongo mwingine." Ushahidi mpya uliojitokeza papo hapo anaitwa Lionel Birtwell. Amehamia mtaa wa nyuma ya kanisa baada ya mkewe kufariki, hula pai ya nyama na figo, na alituambia kwamba kabla ya siku ile mtu wa mwisho kuzungumza naye alikuwa mashine inayoongea ya kulipia dukani. Bi Akhtar alipomwomba sentensi yake, aliisoma shaba kwa makini, akasema kwamba yeye kafika leo tu, ya nyuma hayajui, ila kwa leo ni kweli.

— Kanuni inataka "hadi leo", Bi Akhtar akamjibu, akiirudisha bisibisi mfukoni. Leo inatosha.

Sentensi ya pili aliitoa Hilda, safari hii juu ya kibao na wala si mlima. Ya tatu aliitoa Bi Akhtar mwenyewe, kwa kuwa hakuna kifungu kinachomkataza ofisa kuwa shahidi, na kwa kuwa kufikia hapo alikuwa ameketi kati ya Clem na mimi, na kikombe mkononi. Gordon bado hupiga simu kila Jumapili. Zulia la Peterborough halijakanyagwa. Meya anadai ushindi. Clem anasema mwenda pole hajikwai, na hakuna aliyemuuliza maana yake, ila Lionel, ambaye ni mgeni.

Edgar Threlfall alikuwa nani, hatujui mpaka sasa. Kilichotokea ni kwamba Hilda alisema, "Hapana mtu, kipenzi," akasogea kidogo, na yule bwana akakaa.